Programu yangu iliziba masikio ya nyanya wa watu

Najua niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, na wawili watatu mmeniandikia kuuliza limeishia wapi. Litarudi. Leo naomba mnivumilie kwa jambo jingine, maana limenikaa kooni kwa miezi sasa na kila nikianza kuandika juu ya majedwali naona mkono unakwenda kwingine.

Mnajua mkate wangu unatoka wapi: natengeneza programu za biashara ndogondogo. Duka la dawa, sacco, shule ya binafsi, yeyote anayelipa. Mwaka jana mwenye studio moja ya picha huko Njoro alinipa kazi ambayo niliifurahia kuliko nyingi. Watu wanamletea picha mbovu na kutaka zitoke nzuri. Kuna za harusi na za mahafali, lakini zinazomsumbua zaidi ni za vijitabu vya mazishi. Aliyekulia mashambani anajua hali ilivyo. Mzee akifariki ndipo familia inagundua kwamba hakuwahi kupigwa picha ya maana. Iliyopo ni moja, ilipigwa kwa simu na mjukuu, ikatumwa WhatsApp mara kumi kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na kufikia studio imekuwa ndogo kama stempu na ina ukungu kama alfajiri ya Limuru.

Basi nikamtengenezea programu yenye kitufe kimoja, "Safisha". Unaweka picha, unabonyeza, mashine inafikiri kidogo, uso unatoka umekolea, macho yanang'aa, ngozi imetulia. Nisijisifu bure: ujanja wenyewe haukuwa wangu. Nilichukua modeli ya bure kutoka mtandaoni, iliyokwisha kufunzwa na watu wenye mashine kubwa kuliko nitakazowahi kumiliki, nikaiunganisha kwa mistari mia chache ya Python na kuiwekea dirisha zuri mbele. Wiki mbili za kazi. Nililipwa kwa M-Pesa kwa awamu tatu, na mwenye studio akaanza kuniita injinia.

Siku moja asubuhi simu ikalia. "Injinia, kuna watu hapa wanasema nimewapa picha ya mtu mwingine."

Nilidhani faili zimechanganyika. Ningeshukuru kama ingekuwa hivyo.

Walikuwa familia ya Waogiek kutoka upande wa Mau. Mama yao alikuwa amefariki akiwa na zaidi ya miaka themanini. Mwenye studio alinitumia picha zote mbili, ile waliyoleta na ile iliyotoka kwenye programu yangu, nikaziweka kando kwa kando kwenye skrini. Katika ya kwanza, mama mzee ameketi nje ya nyumba anacheka, na masikio yake yametogwa kwa mtindo wa zamani, ncha zimevutwa hadi karibu na taya, tundu linapita vidole viwili, shanga zinaning'inia. Katika ya pili masikio ni mazima. Ya mviringo, madogo, kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Kwenye sikio la kushoto modeli ilikuwa imemtundikia kitu kidogo cha kumetameta, herini ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani mwake. Meno yalikuwa yamejaa kinywani. Ngozi ilikuwa imepauka kidogo, pua imekuwa nyembamba kidogo. Kila kitu kidogo kidogo.

Vijitabu mia mbili vilikuwa vimeshachapwa. Mwenye studio hakuona kosa lolote, kwake picha ilikuwa imetoka safi, na ndiyo kazi aliyoombwa. Hata ndani ya familia hawakuwa na kauli moja. Niliambiwa mjukuu mmoja wa kike alisema iachwe hivyo, nyanya amependeza. Ni binti mkubwa wa marehemu aliyekataa. Aliitazama kwa muda, akasema: "Huyu ni mzuri, lakini si mama."

Baada ya hapo hakutaka ndewe wala sikio. Tunausema msemo huu kila siku bila kufikiri, na ni mpaka wiki hiyo nilipokumbuka kwamba ndewe ndilo hilo tundu lenyewe, sikio lililotogwa. Kiswahili kina neno lake. Modeli yangu haikuwa nalo, na huko ndiko nataka kuwapeleka.

Hebu nieleze kwa ufupi jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani kompyuta "inasafisha" picha kama unavyofuta vumbi kwenye kioo, kwamba uso ulikuwemo tayari ukingojea kufunuliwa. La. Picha yenye ukungu imepoteza habari, na habari iliyopotea hairudi. Modeli inachofanya ni kukisia. Imeonyeshwa nyuso nyingi mno, ikajifunza nyuso huwaje, na ikipewa uso hafifu hutafuta miongoni mwa nyuso inazoweza kuzichora ule unaokaribiana zaidi na hafifu huo. Ni kama mtu aliyesikia nusu ya wimbo kanisani akaumalizia nyumbani kwa maneno ya wimbo mwingine anaoujua. Ataimba vizuri. Hatajua hata kama amekosea.

Kwa hiyo swali ni moja: alionyeshwa nyuso za nani? Mkusanyiko unaotumika sana kufunzia modeli za aina hii unaitwa FFHQ, ulitolewa mwaka 2019 na una picha 70,000 zilizochotwa kutoka Flickr. Waliouandaa walijitahidi kuchanganya umri na rangi, siwezi kuwakana hilo. Lakini jiulize ni watu gani hupakia picha Flickr, kwa ubora wa juu, kwa leseni inayoruhusu kutumiwa na kila mtu. Mama mzee wa Mariashoni hayumo, wala jirani yake, wala mtu yeyote anayefanana naye masikioni.

Mnaofuatilia habari hizi mtakumbuka kisa cha Juni 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walikuwa wametoa programu iitwayo PULSE, inayochukua picha ya vipande vichache na kuibunia uso mkali. Mtu akaiwekea picha ya Barack Obama iliyofifishwa, ambayo mimi na wewe tungeitambua hata tukiwa usingizini. Ikatoka sura ya mzungu. Siku zile nilicheka sana, nikaituma kwa marafiki na maneno ya mzaha kuhusu Kogelo. Nilikuwa mwanafunzi, na sikuwaza kwamba siku moja nitauza kitu hicho hicho Njoro.

Kuna mkusanyiko mwingine nataka muuone kwa macho yenu, kwa kuwa karibu kila mwanafunzi wa kompyuta anayejifunza kufunza modeli ameupakua, mimi nikiwemo. Unaitwa CelebA. Ulitolewa mwaka 2015, una picha 202,599 za watu mashuhuri, na kila picha imewekewa alama za ndiyo au hapana kwa sifa 40. Fungua faili la sifa hizo ulisome polepole. Kuna "anavutia", ndiyo au hapana, imekaa hapo kama vile kuvutia ni kitu cha kupima, sawa na "amevaa miwani". Kuna "pua kubwa" na kuna "midomo minene". Kuna "ngozi iliyopauka" na "mashavu mekundu". Kwa upande wa umbo la nywele kuna zilizonyooka na kuna zenye mawimbi. Basi. Zetu za kipilipili hazina safu. Kuna "amevaa herini", lakini ndewe haipo, na mwanya haupo pia. Huo mwanya ambao wazee wetu wa pwani na bara wameusifia tangu zamani, na ambao kuna wanaoamini hauji ila kwa waliobarikiwa, kwa faili lile si uzuri na hata si kasoro. Haujasajiliwa.

Mwaka wangu wa tatu chuoni nilifanya zoezi la darasa kwa faili hilo. Nilifunza modeli ya kutabiri safu ya "anavutia", nikapata alama nzuri, nikampigia mama simu. Hakuna mtu darasani, kuanzia mwalimu hadi sisi wa viti vya nyuma, aliyeuliza ni nani aliyeweka zile ndiyo na hapana. Sote tulikuwa Waafrika mle ndani.

Mtaniambia mambo haya hayakuanza na kompyuta, na ni kweli. Tangu miaka ya 1950 maabara za kuchapisha picha zilitumia kadi za Kodak kupimia rangi, maarufu kwa jina la "Shirley", na aliyekuwa kwenye kadi alikuwa mwanamke mweupe. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Mtu mweusi akitoka kama kivuli chenye meno, basi ni bahati yake. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, aliyechimba historia hiyo, alionyesha kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ibadilishwe ni watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, waliotaka matangazo yao yaonyeshe tofauti za kahawia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama nikatembea kidogo chumbani.

Na mwaka 2017 peke yake kulikuwa na visa viwili. FaceApp walikuwa na kichujio cha kumfanya mtu "avutie", watu wakagundua kinawang'arisha ngozi, na kampuni ikaomba radhi ikisema tatizo limetokana na picha zilizofunzia modeli. Mwishoni mwa mwaka huo huo jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada, na sehemu ya nywele zake ikafutwa na kulainishwa ili zilingane na fikra ya mtu fulani ya nywele nzuri. Yeye alilalamika hadharani na mpigapicha akaomba msamaha. Lakini huyo ni Lupita. Ana Oscar. Mama wa Mau angelalamikia wapi?

Kitu kilichonikosesha usingizi zaidi, hata hivyo, hakikutoka Marekani. Kilitoka kwenye historia ya Waogiek wenyewe, ambayo naona haya kusema niliisoma kwa mara ya kwanza baada ya simu ile, mimi niliyezaliwa Nyeri na kufanya kazi Nakuru miaka mitatu.

Katika somo la kwanza la kufunza mashine kuna mbinu inaitwa jirani wa karibu. Ukiletewa kitu usichokijua, unaangalia kinafanana zaidi na kipi kati ya vile unavyovijua, unakipa jina la hicho. Ni mbinu rahisi na mara nyingi inafaa. Sasa sikiliza. Mapema miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliunda tume ya ardhi chini ya Jaji Carter. Ilipofika kwa watu wa msituni, waliokuwa wakiitwa "Dorobo", ilipendekeza wahamishiwe kwenye hifadhi za makabila makubwa ambayo walionekana kuwa na uhusiano nayo. Hawa wakae na Wamaasai, wale na Wanandi au Wakipsigis. Jirani wa karibu! Hakuna safu yako kwenye jedwali, kwa hiyo utaandikwa chini ya jina la aliye mkubwa kando yako. Waliendelea kufukuzwa msituni kwa miaka mingi baada ya uhuru, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha iliamua Mei 2017 kwamba Serikali ya Kenya imevunja haki zao, na kuwatambua kama watu wa asili wa Mau. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaagiza walipwe fidia.

Kwa hiyo huyu mama, ambaye maisha yake yote watu wenye kalamu walikuwa wakimwandika kama mtu mwingine, amefika kwenye kijitabu chake mwenyewe cha mazishi, na mimi na Python yangu tukamwandika kama mtu mwingine tena.

Na sisi wa makabila makubwa tusijifiche nyuma ya mzungu. Nyanya yangu mzaa baba alikuwa na masikio yaliyotogwa pia; Wagikuyu wa rika lake wengi walikuwa nayo. Simkumbuki bila kitambaa kichwani, kimevutwa chini hadi kufunika masikio, hata jikoni, hata kwenye joto la Februari. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni baridi. Baadaye shangazi alinieleza kwamba watu wa kanisa walimwambia ni alama ya ushenzi, na alipokuja mjini kumtembelea baba miaka ya 1980, watoto wa ploti walimfuata wakicheka. Hao watoto hawakuwa wazungu. Walikuwa sisi. Picha ya kitambulisho chake ninayo hapa mezani, na hata mle ndani amejaribu kugeuza kichwa ili sikio lisionekane. Kabla hatujawa na modeli, tayari alikuwa amejisafisha mwenyewe.

Tulijadiliana na mwenye studio kwa muda mrefu, na sitaki kumchora kama mtu mbaya kwa sababu hoja zake zina uzito. Alisema: Injinia, watu wanataka kung'aa. Na ni kweli. Wasichana wa kidato cha nne wanakuja wakisema waziwazi, niweke rangi ya chokoleti nyepesi, niondolee hizi alama. Mimi si polisi wa ngozi za watu. Mtu mzima akitaka picha yake iwe na pua ya malaika, hela ni zake na uso ni wake. Ila mama yule hakuomba. Binti yake hakuomba. Waliomba ukungu uondoke. Waliyopewa yalikuwa uamuzi niliouweka mimi kwenye mstari mmoja wa msimbo, mahali ambapo kipimo cha kusafisha kinaanzia 0 hadi 100, na nikaandika 80 kwa sababu kwenye picha zangu za majaribio 80 ilipendeza. Picha za majaribio zilikuwa zangu na za wenzangu watatu wa chuo. Wote vijana, wote wa mjini, masikio mazima.

Sisi waandishi wa programu tunakiita chaguo-msingi, yaani kile kinachotokea mtu asipogusa kitu. Na karibu watu wote hawagusi kitu. Nimefanya kazi hii miaka mitano na sijaona mteja hata mmoja aliyefungua ukurasa wa mipangilio kwa hiari yake.

Nilichobadilisha si kikubwa. Kipimo sasa kinaanzia 0, atakaye apandishe mwenyewe. Masikio, shingo na nywele haviguswi na modeli, vinanolewa tu kwa njia ya zamani ya hesabu za pikseli, inayokoleza kilichopo na isiyoweza kubuni kisichokuwepo. Ni hafifu zaidi, nakiri. Na kabla ya kuchapa, skrini inaonyesha picha mbili, ya kabla na ya baada, na mtu aliyeleta picha ndiye anayebonyeza "Ni yeye". Mwenye studio haruhusiwi kumbonyezea, ingawa najua anafanya hivyo foleni ikiwa ndefu.

Niliwaza pia kukusanya picha za wazee wa Mau na wa Nandi ili nifunze modeli upya. Nikampigia binti wa marehemu kumwomba radhi, na katika maongezi nikamgusia wazo hilo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema hapana, picha za mama zimetosha kuzunguka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu akikataa hivi, lakini hata isingekuwepo nisingekuwa na la kumjibu. Na tuseme angekubali: ningepata picha mia mbili, pengine mia tatu, niziweke mbele ya 70,000. Mnajua hesabu inakwenda upande gani.

Vijitabu vilichapwa upya usiku huo kwa gharama ya studio, na nusu yake nikalipa mimi. Walitumia ile picha ya WhatsApp jinsi ilivyokuwa, ndogo, yenye ukungu, masikio na shanga zikionekana ukiikaribisha machoni. Nilitumiwa nakala moja.

Wiki iliyopita mwenye studio amenipigia tena. Anasema jirani yake wa ng'ambo ya barabara amenunua simu mpya inayong'arisha sura yenyewe kabla hata hujabonyeza, watu wanahamia huko, na je, siwezi kurudisha ile 80? Nimemwambia nitamjibu Jumatatu. Naombeni maoni yenu kabla ya hapo, hasa nyinyi mnaotengeneza programu za picha.